Kusi limekaza, mfuko unavuja

Barua za wasomaji msimu huu wa upepo wa kusi zina kilio kimoja: pesa zinaisha na mwenyewe hajui zimekwenda wapi. Nimechagua tano. Naanza na ya mvuvi, maana nimeilalia na kuiamkia.

Tangu mwezi wa tano bahari imechafuka. Natoka siku mbili kwa wiki nikijaliwa. Mbona sasa ndipo ninapotumia zaidi kuliko kaskazi? Mvuvi, Matondoni.

Kakangu, kaskazi ikivuma uko baharini tangu alfajiri, huna pa kutumia. Kusi linakuweka barazani kutwa. Kahawa na kashata, miraa ya alasiri, bando ya kutazama mpira. Kila kimoja ni kidogo, ndiyo maana hukioni. Ziandike siku saba kwa kalamu. Mimi nilipoandika zangu mara ya kwanza, matumizi ya barazani yalikuwa yamepita unga na mafuta ya nyumba nzima, na niliona uchungu kweli.

Kwa hiyo usianze na pesa, anza na saa. Shona nyavu. Pandisha chombo pwani ukikalafati sasa, usingoje bahari itulie na kila mtu amtake fundi yule yule.

Halafu iko karo. Muhula wa pili hufunguliwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, wakati ule ule kusi linapoingia, na hapo ndipo wavuvi wengi wanapojitia deni linalowafuata hadi Septemba. Kaskazi ijayo, karo hiyo itoke kwenye samaki wa Januari na Februari. Zungumza na shule, ulipe kidogo kidogo kila ukiuza, uchukue risiti. Pesa iliyokwisha kufika shule haikuiti ukiwa barazani. Na usidharau ng'onda. Wazee walioanika samaki wakati wa jua walikuwa wakiweka akiba: mchuzi wa papa mkavu kwa nazi mwezi wa saba ni chakula kilicholipiwa zamani.

Hoteli imefunga, napokea nusu mshahara. Simu inanikubalia kukopa, nami nakopa. Mhudumu wa hoteli, Malindi.

Dadangu, hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ina utaratibu wake: pesa yoyote itakayoingia kwenye M-Pesa yako, deni hukatwa kwanza. Nusu mshahara wako unafika tayari umeliwa, na siku hiyo hiyo unakopa tena, ada juu ya ada. Kubali mwezi mmoja wa dhiki. Lipa lote, kisha siku hiyo hiyo jitoe kwenye huduma kabla mkono haujazoea tena.

Wageni, hasa Waitaliano, watarudi Agosti, na tena Desemba hadi Machi. Msimu ukifika, ishi kwa mshahara, bakshishi usiiguse. Bakshishi ndiyo mshahara wako wa Mei na Juni.

Kipupwe kinanitia njaa. Kila jioni namtuma mtoto viazi vya karai na bajia. Mama wa watoto wanne, Langoni.

Mama, baridi huleta njaa, sikukemei. Weka chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha kabla ya Maghribi, kabla hamu haijaanza. Siku moja kwa wiki mtume mtoto akanunue. Na yule mwenye karai ana watoto.

Mimi ni mtu wa Malindi, niko Milano. Baridi ikiingia, nanunua vitu kwenye simu usiku kucha. Kisha nyumbani wakiomba pesa sina. Msomaji, Italia.

Mwanangu, sisi tulio huku tunadhani Ulaya pesa haziishi. Lakini umekulia mahali ambapo jua huzama saa kumi na mbili na kitu mwaka mzima. Huko Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja. Jioni ndefu vile, peke yako, na simu mkononi! Nadhani unanunua mtu wa kuzungumza naye. Basi piga simu nyumbani saa hiyo hiyo ya giza, kila siku. Futa namba ya kadi kwenye programu za maduka, ili kila ununuzi ukulazimu kuinuka kutafuta kadi.

Koti zuri na viatu vya mvua nunua, huo si ubadhirifu. Vingine ngoja saldi za Januari, zinazoanza karibu na tarehe 6, bei zikishuka. Za nyumbani zitume siku ya mshahara, kiasi kimoja, wajue hakuna cha pili mpaka mwezi ujao.

Harusi tatu kusi hili, na kila moja ina sare yake. Nikikataa nitaonekana nimewatupa. Bi wa Mkomani.

Bibi yangu, chagua ya ndugu wa karibu zaidi. Kwa mbili zilizobaki vaa leso uliyo nayo, na uende mapema jikoni ukachague mchele na kumenya vitunguu. Mwenye shughuli hasahau aliyekuja kabla ya wageni. Ila wape habari mama wa bibi harusi sasa, kabla kitambaa chako hakijakatwa.