Mshahara laki sita na nusu, chumba Sinza laki mbili na nusu: nihame kwa shangazi?

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni binti wa miaka 26, nimeajiriwa kwenye kampuni ya mizigo pale Posta, mshahara kwenye mkataba ni 650,000 ila inayoingia benki ni 454,500 maana kuna NSSF, kuna kodi ya serikali, afu Bodi ya Mikopo nao wanachukua chao. Naishi Chanika kwa shangazi, natoka ndani saa kumi na nusu alfajiri na kurudi ni saa tatu usiku nikiwahi, gari mbili kwenda, mbili kurudi, na boda ya kuingilia ndani. Shangazi hana neno na mimi ila nimechoka anko. Sasa nimepata chumba na sebule Sinza, jiko ndani choo ndani, 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita na dalali anataka mwezi wake mmoja. Nina akiba ya 800,000. Nawaza iliyobaki nikope kwenye apu za simu niilipe taratibu ndani ya hiyo miezi sita. Ofisini wenzangu wote wamepanga, mimi ndo nimebaki wa kulelewa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba binti yangu. Hama, tena nakuunga mkono kabisa, mtu hawezi kulala masaa matano tu kila siku akabaki na akili ya kazi. Ila usihamie hicho chumba cha Sinza, na hizo apu usiziguse.

Tupige hesabu pamoja maana naona ulipiga nusu ukaishia njiani. Miezi sita mara 250,000 ni 1,500,000, weka na ya dalali inakuwa 1,750,000, toa akiba yako inabaki 950,000 ya kukopa. Haya umeingia, umelala siku ya kwanza na feni juu. Kuanzia mwezi huohuo inabidi uweke pembeni 250,000 kila mwezi kwa ajili ya miezi sita inayofuata, si ndiyo? Maana mwenye nyumba atakuja tena kwa mkupuo uleule. Na deni nalo hata ungepewa bila riba, 950,000 ukiigawa kwa sita ni kama 158,000. Toa zote mbili kwenye 454,500 yako, unabakiwa na elfu 46 na kitu. Kwa mwezi. Hapo hujala, hujapanda gari, hujanunua umeme, hujatuma hata elfu kumi nyumbani, na riba bado sijaiweka. Wengi wanaorudi kwao na magodoro juu ya kirikuu wameangushwa na hii miezi sita ya pili, ile ya kwanza mtu hakosi pa kuitoa, atauza simu, atachangiwa, ataingia.

Na hizo apu, usitegemee zikupe miezi sita. Nyingi ni wiki moja, wiki mbili, mwezi, na ukichelewa wanaanza kuwapigia watu waliomo kwenye simu yako, bosi wako, shangazi, mpaka fundi cherehani, wengine wanafungua grupu la WhatsApp wanabandika picha yako wanaandika tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, kwa hiyo sio maneno ya vijiweni haya. Kausha damu, yaani mkopo wa riba ya kukuumiza, ni kausha damu hata ikija na nembo nzuri kwenye simu. Kama lazima ukope basi uliza ofisini kama kuna saccos, au omba advansi ya mshahara, hiyo unakatwa hukohuko na hakuna wa kukupigia kelele.

Sasa nini kifanyike. Mi ningekuwa wewe ningetafuta chumba masta, choo ndani, cha kama elfu 80, ikizidi sana 90, na ningekitafuta kwa kuangalia gari badala ya jina la mtaa. Unafanya kazi Posta, kwa hiyo unataka sehemu ambayo unapanda gari moja tu mpaka mjini na kituoni unafika kwa mguu. Kuna watu wamepanga karibu kwenye ramani ila kila asubuhi wanatoa elfu mbili ya bajaji kufika barabarani, mwisho wa mwezi hiyo peke yake ni elfu 50 na zaidi, si ungeongezea kwenye kodi ukakaa barabarani? Angalia upande wa Kimara vituo vya katikati kama Baruti au Bucha, angalia Tabata za ndani, angalia Ukonga ambako hata kwa shangazi si mbali ukiumwa. Mwendokasi una shida zake, asubuhi pale Kimara watu wanapita dirishani kama wanakimbia vita, na mvua ikikolea Jangwani ikajaa maji basi siku hiyo mjitegemee. Lakini bado ni gari moja.

Elfu 80 mara sita ni 480,000, na ya dalali 560,000. Kwenye akiba yako inabaki 240,000 ya godoro, mtungi mdogo wa gesi, ndoo na pazia. Kitanda kitakuja baadaye, godoro chini halijamuua mtu. Na kila mwezi ukishatenga elfu 80 ya kodi ijayo unabaki na 374,500 ya kuishi, hapo unakula, unacheza na mchezo wa ofisini kama upo, na kwa shangazi jumapili huendi mikono mitupu.

Kuhusu miezi sita yenyewe, usiogope kuomba mitatu. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, toka hapo bei na miezi ya kulipa ni makubaliano yenu wawili, kwa hiyo hakuna kinachomkataza mwenye nyumba kukudai mwaka mzima na hakuna kinachomkataza kupokea mitatu. Kinachomlegeza ni chumba kukaa wazi. Ukiona vumbi limetulia kwenye dirisha na wapangaji wanakwambia kina mwezi wa pili hakina mtu, hapo ongea kwa upole ila usikimbilie kukubali. Na ongea na mwenye nyumba mwenyewe, dalali hawezi kukupigania maana chake kinapanda bei ikipanda. Hela ya kodi pia mkabidhi mwenye nyumba na uchukue risiti, usimuachie dalali, kuna chumba kimoja Dar kinaweza kulipiwa na watu watatu siku moja.

Ukienda kuangalia nenda jioni, watu wamerudi, uone maji yanatoka au ni ndoo za kisimani. Angalia ukuta. Ukikuta rangi mpya imepakwa chini tu mpaka usawa wa kiuno na juu imechakaa, jua masika maji yaliingia hapo ndani, aga taratibu uondoke.

Afu uliza LUKU, hapa watu wanalizwa sana. Mwenye mita yake anayetumia kidogo, yuniti 75 kushuka kwa mwezi, anawekwa kwenye ile bei ya shilingi 100 kwa yuniti kabla ya makato. Nyumba ya wapangaji nane kwenye mita moja haiwezi kubaki chini ya 75, kwa hiyo mnanunua kwa 292 kabla ya makato, na bado mnachanga sawasawa wakati we una taa na feni, jirani ana friji, pasi na jiko la umeme la kupikia maharage. Kama hamna mita yako tafuta penye submita angalau.

Hilo la kupanga na rafiki hujaniuliza ila najua litakuja. Mkiwa wawili hicho cha Sinza kinakuwa 125,000 kila mtu, inawezekana, ila majina yote mawili yawe kwenye mkataba. Nimeshasoma barua nyingi humu za mtu aliyetoa nusu ya kodi kwa mkono, rafiki akapata mchumba, yeye akakuta kofuli jipya.

SWALI: Anko mambo vipi, mi nimepanga Mbagala, kila mwezi nikinunua LUKU nakatwa 1,500 wanasema ni kodi ya jengo. Nyumba si yangu. Mwenye nyumba nikimwambia anacheka. (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Poa kaka. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unakatwa kwa sababu tu ndo unayenunua umeme, utaratibu wa kupitia LUKU ulianza 2021. Kwa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka. Usimfuate kwa shari kwa elfu kumi na nane. Tunza meseji za LUKU zote zinazoonyesha makato, ikifika siku ya kulipa kodi mkalie chini, muonyeshe jumla, mwambie unaitoa kwenye kodi ya awamu hii na muandike nyuma ya mkataba mtie saini wote wawili. Wengi wakiona maandishi wanaacha kucheka. Akigoma kabisa, mwombe mjumbe wa mtaa akae nanyi kabla hujalipa, ukishamkabidhi hela yote huna tena cha kumshikia.