Kuku wanaharisha maji na maganda ya mayai ni mepesi: nibadilishe nini katika chakula?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kuku chotara 14 nyuma ya nyumba hapa Morogoro. Ninawachanganyia mwenyewe mahindi yaliyoparazwa, pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, chokaa, dagaa na chumvi kidogo, na jioni huwapa mabaki ya ugali na wali. Mwezi mmoja uliopita nilinunua gunia la dagaa wa pwani kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Tangu hapo kinyesi chao ni cha maji, wanakunywa sana na maganda ya mayai yamekuwa mepesi, ingawa wanakula vizuri na wanataga. Nikiwapa antibayotiki ya unga hali hutulia siku chache, kisha hurudi. Mmoja pia ana gole (kifuko cha chakula shingoni) lililovimba. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Umefanya vyema kutaja gunia la dagaa, kwa kuwa kuku wanaokula vizuri, wanaotaga na wanaokunywa maji kupita kawaida huenda hawaharishi hata kidogo, bali figo zao zinatoa chumvi iliyozidi mwilini. Kuku hana njia ya pekee ya mkojo: mabaki ya utumbo, uchafu mweupe wa figo na maji hutoka pamoja, na ndiyo maana wafugaji wengi hudhani kila kinyesi chenye maji ni ugonjwa wa tumbo.

Kabla ya kubadilisha chochote, tandaza karatasi ngumu chini ya kichanja usiku na uikague asubuhi. Ukikuta kinyesi kilichoshikana vizuri kikiwa katikati ya duara la maji, utumbo unafanya kazi yake na kisa kiko kwenye chumvi na unywaji. Ukikuta kinyesi chote ni uji, chenye povu au punje zisizosagika, basi utumbo wenyewe una tatizo. Usishtuke ukiona pia vinyesi vichache vya rangi ya kahawia, vinavyonata na kunuka sana, kwani hivyo hutoka katika vifuko viwili vilivyo mwishoni mwa utumbo, na kila kuku mwenye afya huvitoa.

Dagaa wa pwani, na hasa wa Zanzibar, kwa kawaida huchemshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, tofauti na dagaa wa Mwanza ambao huanikwa bila kuchemshwa. Kuku wa mayai anatosheka na chumvi ya gramu 30 hadi 40 hivi katika kila kilo 10 za chakula. Sasa chukulia kwamba sehemu moja ya kumi ya uzito wa dagaa wako ni chumvi, na kwamba unaweka kilo moja na nusu katika mchanganyiko wa kilo 10: tayari una gramu 150, kabla hujaongeza ile ya jikoni. Chumvi ikizidi, maganda ya mayai nayo hudhoofika. Kwa hiyo ondoa kabisa chumvi ya jikoni, na uwatumie dagaa wa Mwanza baada ya kuwapepeta mchanga, wasizidi kilo moja katika kila kilo 10. Ikiwa huwezi kulitupa gunia hilo, loweka dagaa katika maji baridi kwa saa moja, mwaga maji, kisha uwaanike wakauke kabisa. Ukipenda kutumia soya badala yake, ikaange kwanza, kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia usagaji wa protini. Mabadiliko mengine ya mchanganyiko yafanye kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Chumvi pekee ndiyo uiondoe leo.

Kuhusu maganda, chokaa ya unga hupita haraka tumboni, ilhali ganda la yai hujengwa zaidi usiku. Weka chombo cha pembeni chenye makombe ya baharini yaliyovunjwavunjwa, na kuku watayala wenyewe jioni, yakae katika firigisi na kutoa madini polepole hadi asubuhi. Chombo cha pili kiwe na changarawe ndogo ngumu, kwani makombe huyeyuka na hayawezi kusaga chakula.

Mabaki ya ugali na wali hayana ubaya yakiwa mapya na machache, yasizidi sehemu moja ya kumi ya mlo wa siku. Yakilala bandani kwa joto la Morogoro huchachuka, na yakichachuka hulisha ukungu ndani ya gole. Pumba nazo zinuse kila unapofungua gunia jipya; zikinuka uvundo usizitumie, kwa maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Kuku mwenye gole lililovimba mtenge na umpapase asubuhi kabla hajala, wakati ambapo gole linapaswa kuwa tupu. Likiwa gumu, yawezekana amemeza majani marefu au kamba: mpe maji tu kwa siku moja, vijiko viwili vidogo vya mafuta ya kula, na umkande taratibu mara kadhaa. Likiwa laini, limejaa maji na linanuka uchachu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimgeuze kichwa chini ili atapike, kwa maana maji huingia mapafuni na kumuua. Mchicha na nyasi zikatekate fupi kabla ya kuwapa.

Hiyo antibiotiki iache. Haitibu chumvi, inaua bakteria wema wa utumbo, na mabaki yake huingia katika mayai mnayokula. Nafuu ya siku chache yumkini ilitokana na ladha chungu ya maji yenye dawa, ambayo kuku huyanywa kidogo.

Pima maji wanayokunywa leo na uyapime tena kila siku. Kwa kawaida kuku hunywa takriban mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na zaidi wakati wa joto kali, kwa hiyo kipimo kinapaswa kuanza kushuka ndani ya siku tatu au nne. Kisiposhuka, au ukiona damu, kinyesi cha kijani, kuku wanaosinzia au shingo zinazopinda, usiendelee kurekebisha chakula: damu mara nyingi huashiria koksidia, yaani vimelea vya utumbo, na dalili zile nyingine huweza kuwa za mdondo. Peleka kinyesi kibichi, au kuku mgonjwa mwenyewe, katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambayo iko hapo hapo mjini kwako.