Barua kwa Mwanangu: Tumaini Lisilo na Tarehe

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Miezi tisa huna kazi, barua za maombi hazijibiwi, na kila unayemweleza anakwambia "vumilia tu." Mwishoni ukaniuliza: "Mama, kutumaini na kujidanganya vinatofautiana wapi?" Sikukujibu papo hapo kwa sababu swali hilo liliwahi kunilaza macho mimi mwenyewe.

Baba yako alipougua ulikuwa darasa la tatu. Nilijiwekea tarehe: mwezi huu ukiisha, atakuwa amerudi nyumbani. Mwezi ukaisha, nikaisogeza tarehe hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Niliisogeza mara nne. Kila ilipopita bila lolote ilinimaliza nguvu kuliko hata kule kuuguza, na ya nne ilipopita nikashindwa kuamka kitandani. Ninyi mliambiwa mama ana homa.

Miaka mingi baadaye nikasoma maelezo ya Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyenusurika kambi za Wanazi. Alieleza kwamba kati ya Krismasi ya 1944 na Mwaka Mpya wa 1945 vifo viliongezeka sana kambini mwao. Kazi haikuwa imezidi ugumu, wala chakula hakikuwa kimepungua kuliko kawaida. Ila wafungwa wengi walikuwa wamejipa moyo kwamba Krismasi itawakuta makwao. Siku ikafika, ikapita. Niliposoma hayo nililia, maana nilijiona.

Basi tofauti ninayoijua ni hiyo, mwanangu. Kujidanganya kunaipanga siku, na siku yenyewe iko mikononi mwa watu wengine. Tumaini halijui siku. Linauliza tu leo kuna nini ambacho mkono wangu unakifikia. Ukisema "Juni lazima niwe nimeajiriwa," umempa mtu usiyemjua ruhusa ya kukuvunja moyo Juni. Ukisema "leo nitampigia yule fundi niliyesoma naye nimuulize kazi zinapatikanaje," hilo ni lako, na jioni utajua kama umelifanya.

Halafu umeandika kwamba umekuwa mvivu. Neno hilo lifute. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walionyesha kuwa mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia wengi wao walilala tu na kuzipokea, hata walipowekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewaokoa. Kwa muda mrefu wakaamini mbwa wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 haohao wawili waliandika kwamba walikuwa wameelewa kinyume: maumivu yakidumu, ubongo hunyong'onyea wenyewe bila kufundishwa. Kinachofundishwa ni kujua kwamba ukitenda, jambo linabadilika. Kwa hiyo huko kulala kwako mchana si tabia mbaya iliyokuota. Ni mwili uliopigwa mno.

Kilichowasaidia mbwa wengi kati ya wale kinanigusa mpaka leo. Kubembelezwa hakukutosha. Walivutwa kwa kamba hadi upande wa pili, tena na tena, mpaka miguu yao ikakumbuka na wakaruka wenyewe. Mimi nilivutwa na mama yako mdogo. Alikuja asubuhi moja, hakunishauri chochote, akanifungulia dirisha, akanipa kanga nijifunge, tukatoka kutembea hadi mwisho wa njia na kurudi. Kesho yake akaja tena. Siku ya tano nilimkuta mlangoni nikiwa tayari nimeshavaa. Baba yako bado alikuwa mgonjwa, hakuna kilichokuwa kimebadilika hospitalini, lakini nilikuwa naweza tena kumsikiliza daktari na kumuuliza maswali.

Ndiyo maana sikuambii uvumilie. Kuvumilia umevumilia. Nakuomba mambo mawili: hiyo tarehe uliyoiweka moyoni, najua ipo, iondoe. Na kila asubuhi chagua jambo moja dogo linalokutegemea wewe peke yako, ulimalize kabla ya saa sita. Likiwa ni kufua shati tu, basi ni shati.

Jumamosi nakuja kwako mapema. Sitakuwa na mawaidha. Nikute umevaa viatu, tutoke tutembee.

Akupendaye,
Mama