Scarborough iliitangulia Brighton

Wengi hudhani kuoga baharini kwa ajili ya afya kulianzia Brighton, mji wa pwani ya kusini mwa Uingereza. Hapana, si Brighton. Mji wa Scarborough, kaskazini mwa Uingereza, ulitangulia kupokea waogaji wa baharini. Ushahidi mzuri ni mchoro wa John Setterington wa mwaka 1735: watu wanaonekana wakioga, na kando yao kuna kibanda cha magurudumu, kile cha kubadilishia nguo kilichoingizwa hadi majini ili mwogaji ateremke bila kutazamwa. Daktari Richard Russell, ambaye ndiye aliyeifanya Brighton ijulikane, alichapisha maandishi yake ya Kilatini kuhusu maji ya bahari na magonjwa ya tezi mwaka 1750, miaka 15 baadaye. Na waogaji hao wala hawakwenda kustarehe. Bahari ilikuwa dawa, tena wengine waliyanywa maji yenyewe na chumvi yake! Scarborough ilishazoea wagonjwa tangu karne ya 17 kwa sababu ya chemchemi yake ya maji ya madini iliyo pale pale ufukweni. Ila kwa umaarufu Brighton iliipita, hasa mwana wa mfalme, baadaye George IV, alipoanza kwenda huko mwaka 1783.