Mbuzi wageni wanapigwa bandani: nimuuze mkorofi?

Swali: Assalamu alaykum daktari. Niko Wete, Pemba. Nafuga mbuzi wa maziwa, majike saba chotara wa Saanen, wote wana pembe. Mwezi uliopita niliongeza wawili niliowanunua Konde, mmoja ana mimba ya miezi mitatu. Tangu waingie hakuna salama. Jike wangu mkubwa anawapiga kumbo hata hawasogei kwenye hori, na sasa wale wadogo nao wameanza kuwaonea. Yule mgeni anayekamuliwa ameshuka kutoka lita moja na nusu hadi nusu lita. Banda ni futi 10 kwa 12, hori ni moja la futi 6. Majirani wananambia nimkate pembe huyo mkubwa au nimuuze. Nifanyeje?

Jibu: Wa alaykumu s-salaam, ndugu yangu. Usimuuze, na pembe zake ziache. Kwanza chukua futikamba ukapime hori lako.

Futi 6 ni kama sentimita 183. Gawa kwa mbuzi tisa, kila mmoja anapata sentimita 20. Mbuzi mzima mwenye pembe anataka kama 40. Kwa hiyo wanne wakishatia vichwa, hori limejaa, na watano waliobaki lazima wasubiri au wapigane. Huyo unayemwita mkorofi anafanya kile ambacho mbuzi yeyote wa juu angekifanya mbele ya chakula kisichotosha. Ukimuuza leo, wa pili wake atapanda cheo, na vita vya kugombea nafasi vitaanza upya baina ya waliobaki.

Kila kundi la mbuzi lina ngazi yake. Umri, uzito na pembe ndivyo vinavyoamua nani awe juu, na aliyetangulia bandani ana nguvu kuliko mgeni. Mambo haya yalichunguzwa mapema zaidi kwa kuku: mwaka 1922 Mnorway Thorleif Schjelderup-Ebbe aliandika jinsi kila kuku anavyomjua wa kumdonoa na wa kumkimbia. Ngazi ikishakaa sawa, ugomvi hupungua, kwa sababu wa chini akitazamwa tu anapisha. Tatizo ni pale anapotaka kupisha na hana pa kwenda.

Ugomvi wa wageni kwa kawaida huwa mkali siku za mwanzo, kisha hupoa. Wako umefika mwezi. Hapo mimi siulizi tena tabia ya mbuzi, nauliza banda. Lako ni kama mita za mraba 11, yaani mita moja na kidogo kwa kila mbuzi, wakati mwenye pembe anahitaji moja na nusu hadi mbili. Masika ndiyo balaa zaidi: mbuzi hapendi mvua, wote wanashinda ndani, na kona ni nne tu.

Nenda bandani alfajiri kabla hawajakusikia, uangalie nani amelala na nani amesimama. Wa chini kabisa utamkuta amesimama peke yake, uso ameuelekeza ukutani, ubavu umemwingia, na manyoya ya mbavuni yamevurugika kwa kumbo. Huyo halali vizuri na wala hacheui kwa utulivu, na hapo ndipo maziwa yako yanapopotelea. Mpapase kiwele pia. Ukikuta uvimbe au joto upande mmoja, amepigwa pembe, na kiwele kilichoumia kinapata maambukizi upesi.

Sasa kazi. Ongeza hori la pili la futi 6, na uliweke ukuta wa mkabala. Ukiliunganisha na la kwanza, mkubwa atayalinda yote mawili kwa kugeuza shingo tu. Matete na majani ya mlusina yafunge mafungu, uyatundike sehemu tatu au nne. Pumba mpe kila mmoja peke yake wakati wa kukamua. Kisha pigilia mbao za kimo cha mita moja, zitoke ukutani kuelekea katikati, ili anayefukuzwa apate pa kujificha na mkubwa asimwone. Kichanja cha kupanda nacho kinasaidia, na kinaongeza pa kulala bila kupanua banda.

Kamba uwe nayo makini. Ukimfunga mnyonge pale mkubwa anapofika, umemfungia apigwe. Kama lazima ufunge, mfunge mkubwa wakati wa kula mpaka wengine washibe.

Siku nyingine ukinunua, hasa msimu wa Idd Kubwa mbuzi wanapoingia kwa wingi kutoka Bara, watenge kwanza wiki tatu, mbali na wako, kwa ajili ya maradhi. Halafu waweke jirani na uzio wa fito katikati, wanuseane kwa wiki nzima. Siku ya kuwachanganya, wakutanishe malishoni wakiwa wameshiba, na wageni waingie wawili wawili. Mgeni mmoja peke yake hubeba kumbo zote.

Kuhusu pembe: kwa mbuzi mzima zina uwazi ndani unaoungana na matundu ya kichwa, ukikata unafungua njia ya damu na usaha. Vitoto huchomwa vichipukizi katika wiki mbili za mwanzo, na daktari, kwa dawa ya ganzi, maana fuvu lao ni jembamba na chuma kikizidi ubongo unaungua. Wala usikimbilie kupandisha jike asiye na pembe kwa beberu asiye nazo. Baadhi ya watoto wao huzaliwa huntha, yaani si dume wala si jike kamili, hawazai.

Yule mwenye mimba mtoe leo, hori la pili lisisubiriwe. Kumbo ya ubavuni inaweza kuharibu mimba, naye ana kama miezi miwili mbele yake. Mtengee kona ya uzio awaone wenzake, abaki huko mpaka azae na kitoto kipate nguvu. Akitokwa na damu au uchafu ukeni kabla ya muda wake, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.