Biti Ikigoma, Tazama Maranda Kwanza

Biti ya kutobolea ikigoma kuingia kwenye chuma, mafundi wengi huongeza spidi na kuilalia mashine kwa nguvu zote. Nimeona biti nzuri zikiungua kwa namna hiyo, na huniuma, maana dalili huwa zimemwagika pale pale mezani. Zima mashine, utazame maranda, yaani vile vipande vya chuma vilivyokatwa na biti.

Kwenye chuma laini, biti iliyonolewa sawasawa hutoa nyuzi mbili zilizojisokota, kila mfereji wa biti na uzi wake. Ukiona upande mmoja tu ndio unaotoa uzi, ujue makali hayalingani: moja ni refu kuliko mwenzake, au pembe zimepishana. Biti ya hivyo ndiyo inayokupa tundu pana kuliko kipimo. Hapo usihangaike na spidi, rudi kwenye jiwe la kunolea. Pembe ya ncha kwa kazi za kawaida ni digrii 118, na kwa vyuma vigumu 135. Kisha kuna jambo linalosahaulika sana: mteremko wa nyuma ya makali, kama digrii 8 hadi 12. Ukikosekana, mgongo ndio unaogusa chuma badala ya makali. Biti itang'aa, itapiga kelele, itatoa moshi, na chuma hakitalika. Ukizidi nao, makali yanakuwa membamba na kumeguka.

Maranda yakigeuka unga, makali yameisha. Lakini kwa chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) unga ni hali yake ya kawaida, na chenyewe hutobolewa kikavu, bila mafuta.

Kona za nje za biti zikiwa zimelika au kugeuka rangi ya bluu, kosa ni spidi kubwa mno. Kwa biti za haispidi (zile za kawaida za chuma kigumu, zenye alama HSS) kwenye chuma laini mimi hugawa 9000 kwa kipenyo cha biti kwa milimita. Biti ya milimita 10 inapata mizunguko 900 kwa dakika, ya milimita 20 inapata 450. Kwa stenlesi (chuma kisichoshika kutu) nagawa 4000, kwa alumini 20000. Ni makadirio ya kuanzia tu, lakini yameniokolea biti nyingi.

Stenlesi ina tabia yake. Biti ikisugua bila kukata, hata kwa muda mfupi, uso wa chuma unakuwa mgumu kuliko ulivyoanza. Kwa hiyo punguza spidi, weka mafuta ya kukatia, sukuma kwa nguvu isiyokatika mpaka utokee upande wa pili. Usiiache biti izunguke mahali pamoja. Kama pameshakuwa pagumu, chukua biti ya kobalti yenye makali mapya, au geuza kazi utoboe kutokea nyuma.

Ncha ikitelezateleza, piga senta panchi (patasi yenye ncha ya kutia kidimbwi cha kuanzia) na utumie biti fupi. Kwa biti kubwa, tangulia na tundu dogo, pana kidogo tu kuliko kiini cha katikati ya biti kubwa. Likizidi sana, biti kubwa huanza kutetemeka na kona zake hulika. Na tundu likishapita kina cha mara tatu ya kipenyo, toa biti mara kwa mara umwage maranda, kwa kuwa yakijazana mferejini ndipo biti inapokatika.

Hatari kubwa iko mwishoni, biti inapotokeza chini. Hapo hunasa ghafla na kuuzungusha mzigo, hasa bati jembamba na shaba ya njano (brasi). Funga kazi kwenye jiliwa au kwa klampu, kamwe usiishike kwa mkono, na usivae glavu karibu na biti inayozunguka. Chini ya bati weka kipande cha mbao, uvifunge vyote pamoja. Kwa shaba hiyo ya njano, pitisha jiwe dogo mbele ya makali yote mawili, kiasi cha kuondoa ule ukali unaojivuta ndani. Ukisikia mlio umebadilika, legeza mkono kidogo, uache biti imalizie yenyewe taratibu.