Howani mwana howani: mizani nane za kumlaza mtoto

Wengi wanaotaka kuwaimbia watoto bembezi, yaani wimbo wa kulaza mtoto, "Howani mwana howani" hukwama pamoja na kuwa maneno wanayo. Wimbo hauendi, mtoto halali. Mara nyingi kilichoharibika ni silabi moja tu: mtu ameugeuza mstari kuwa Kiswahili cha darasani.

Hesabu mizani, yaani silabi za mstari, kwa vidole. Ho-wa-ni mwa-na ho-wa-ni: nane. U-ki-li-a wa-ni-li-za: nane. Wa-ni-ku-mbu-sha u-ki-wa: nane tena. Sasa weka "unaniliza" mahali pa "waniliza". Zinakuwa tisa, na goti linalompembeza mtoto linafika kabla ya sauti. Hapo ndipo mtoto hufumbua macho. Ukikata "-ni" na kuimba "howani mwana howa", zinapungua kuwa saba na kunabaki pengo mwishoni.

"Waniliza" ina mtego mwingine. Vijana hudhani ni "wao wananiliza". La, hiyo ni "u" iliyoungana na "a" ikawa "wa": wewe mwanangu waniliza. Na "ukiwa" hapa si "kama wewe ni", ni ule upweke wa mtu aliyeondokewa na watu wake. Ukishaelewa hivyo, wimbo mzima hubadilika sura. Mama anamtuliza mtoto huku kilio cha mtoto kikimrudishia majonzi yake mwenyewe. Ndiyo maana usiuimbe kwa uchangamfu wa wimbo wa chekechea. Sauti iwe ya chini, mwisho wa mstari ushuke.

Mizani hizo nane ni zile zile za utenzi. Mwana Kupona wa Pate alizitumia mwaka 1858 alipomtungia bintiye utenzi wa wosia. Ukiunganisha mistari miwili ya bembezi hii unapata mizani kumi na sita, kipimo cha mshororo wa shairi alilolizoea mshairi Muyaka bin Haji hapa Mvita, yaani Mombasa: ukwapi (nusu ya kwanza) nane na utao (nusu ya pili) nane. Sikio la mtoto wa Mji wa Kale lilikuwa likifundishwa ushairi kabla hajajua kutamka "mama". Tungo za Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, zilibaki vichwani mwa watu kwa miaka mingi hadi Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari Mwingereza W. E. Taylor kuziandika. Bembezi nyingi bado ziko vichwani, na vichwa hivyo ni vya kina nyanya.

Kuimba kwenyewe sasa. Kaa mkekani, nyoosha miguu, mlaze mtoto mapajani, mkono mmoja umeshika shingo na kichwa. Pembeza magoti polepole, kwenda mizani nne, kurudi mizani nne. Mstari mmoja uchukue sekunde tatu hadi nne. Katika "ukilia / waniliza" goti hugeuka palipo na mwanya wa maneno, ni rahisi. Katika mstari wa kwanza hugeuka katikati ya "mwana", kwa hiyo vuta kidogo: mwaa-na. Wanaoukimbiza hapo ndio hupoteza mdundo. Pumzi moja ibebe mistari miwili, kisha uvute nyingine.

Mtoto akiwa analia kwa nguvu, usianze kwa kunong'ona, hatakusikia. Anza kwa sauti inayokaribia kilio chake, halafu ipunguze kila baada ya mistari minne. Akiwa ana njaa au amelowa, shughulikia hayo kwanza. Na siku za kaskazi mvue nguo za ziada. Joto la Mombasa halishindwi na wimbo.

Macho yakifumba, usinyamaze ghafla. Acha maneno, bakisha "howa, howa" puani kwa mizunguko miwili mitatu, ndipo umwinue. Mlaze chali kwenye godoro lisilobonyea, bila mto. Leso isifunike uso hata kama mbu ni wengi. Teremsha chandarua, uchomeke pembe zake.

Beti zinazofuata hutofautiana nyumba na nyumba, na hilo si kosa la kusahihishwa. Ukitaka kuzipata za kwenu, usimketishe nyanya mbele ya simu ukamwambia "imba". Atakuimbia ubeti mmoja na kusema mwengine umempotea. Mpe mtoto ampakate jioni baada ya Isha, weka simu juu ya mto umbali wa mkono mmoja, zima feni kwa dakika hizo kwa sababu mvumo wake huzimeza sauti za chini, kisha toka chumbani. Beti humjia zenyewe goti likishaanza kwenda.

Siku ya pili mrudie mkasikilize pamoja, mwandike neno kwa neno. Akisema "ndoo", andika "ndoo", usiweke "njoo". Akisema "mato", usiandike "macho". Neno usilolielewa muulize papo hapo, maana mjukuu atakayelikuta kwenye daftari hatakuwa na wa kumuuliza. Mwisho wa ukurasa weka jina lake, mtaa aliolelewa, na aliyemwimbia yeye.